Fanusi Isiyopulizwa kwa Mdomo

Jambo zima lilitugharimu kioo kimoja cha fanusi, kata ya maji, jogoo aliyekuwa akingojea Idi, na nusura posa ya wifi yangu, maana posa ile ilifika mlangoni, ikavaa viatu, ndipo ikarudi kuketi. Nimehesabu tena, nimepata vilevile.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Garsen. Mto Tana hauna daraja, na mume wangu ni mmoja wa waliovuta kamba ya kivuko. Mimi ni mzaliwa wa Kipini, nimeletwa Garsen kuolewa, nikaona watu wanapita kutwa kucha na hakuna anayewauzia kitu. Nikaweka meza. Nikauza tumbaku, sukari na viberiti, nikanunua samli kwa wanawake wa Kiorma waliotoka na mifugo mbugani. Samli niliionja kabla ya kuipima na nikaionja tena baada ya kuipima, kwa sababu kuna samli zinazobadilika zikiwa njiani kutoka kibuyuni hadi kwenye mizani.

Tuliishi kwa mavyaa, mama wa mume wangu. Alikuwa mtu wa ibada, na nyumba yake ilikuwa na sheria moja iliyozidi zote: moto haupulizwi kwa mdomo. Kuuwasha, tumia kipepeo cha ukindu. Kuuzima, tafuta njia nyingine. "Mdomo wa kumtaja Mungu," alikuwa akisema, "si wa kutemea moto pumzi." Miaka yote kabla sijaja walikuwa na kibatari cha mkebe, na cha kukizimia kilikuwa kifuu cha nazi. Ukikifunika, ukisema bismillahi, ukikifunua, kimekufa. Hakuna aliyewahi kupata tabu.

Kisha mume wangu akaleta fanusi. Fanusi ina kioo na mkono wa waya, na kifuu hakiingii. Mavyaa akaizunguka, akaitazama kama mtu anayeuziwa punda, akaamua: taa hii itazimwa kwa kuteremsha utambi. Ukizungusha kile kigurudumu cha pembeni, mwanga unashuka, unashuka, unapotea. Giza. Bismillahi. Imezimwa. Kazi hiyo akanipa mimi, kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa mikononi mwangu na alijua sitaacha yawake bure.

Sasa posa. Wifi yangu, binti wa mwisho wa mavyaa, aliposwa na watu wa Kinakomba, wakulima wa ukingoni mwa mto, watu wa mpunga na ndizi, wazito katika ahadi. Kabla hawajafunga neno, shangazi wa bwana arusi aliteremka kwa mtumbwi kuja kutuamkia. Kutuamkia ndivyo lilivyoitwa. Alikunja pembe ya mkeka akaangalia chini yake. Alinusa mtungi. Alimwomba binti amchotee maji, akasikiliza kama kata inagonga. Nilimtambua papo hapo: huyu ni mwenzangu. Nikaanza kumwogopa.

Asubuhi ya kwanza tunakunywa chai, shangazi akaweka kikombe chini.

"Taa yenu hulala saa ngapi?" aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha mto, kifupi, hakikupambwa.

"Mkaza mwanangu huizima baada ya isha," mavyaa akajibu.

"Mimi nilitoka kutawadha. Kabla ya adhana. Nimeona taa chumba cha binti. Inawaka."

Fanusi ile ilikuwa ikikaa chumbani kwa wifi, nyuma ya mlango, juu ya kinu kilichofudikizwa. Nilimgeukia shangazi nikamwuliza ameiona wapi hasa. "Dirishani," akasema. Nikamwuliza tena, kama ninavyowauliza watu wote. "Imekaa dirishani, mama. Nina macho."

Wifi akasema hakuwasha kitu, alikuwa amelala fofofo. Mavyaa akanitazama mimi. Najua alichokuwa akikitafuta: alidhani nimekaa na taa nikihesabu viberiti vyangu. Mimi nikamtazama shangazi. Nilikuwa nimeshasikia kwamba huko Kinakomba alikuwa na binti wa dada yake ambaye hajaposwa bado. Mtu mwenye mali yake ya kuuza huikuta kasoro mali ya jirani, nami kazi hiyo naifanya kila siku mezani. Tukamaliza chai. Lakini msichana ambaye taa yake inawaka nyumba ikiwa imelala ana maana moja tu kwa watu wa posa, na haihusiani na kusoma Kurani.

Jioni ile nilichukua hatua. Nilizima fanusi mwenyewe, mbele ya mavyaa, mwanga ukapotea. Nikatoa viberiti vyote vya nyumbani, cha jikoni na vya mezani, nikahesabu njiti, nikahesabu tena, nikalala navyo chini ya mto. Jikoni nikalifukia kaa la mwisho kwa majivu, nikayapiga kofi juu, kiganja changu kikabaki pale kama muhuri.

Asubuhi njiti zilikuwa zote. Kiganja changu kilikuwa majivuni, hakuna hata kuku aliyekikanyaga. Na shangazi alikuwa ameketi uani, ametawadha, amesali, anatungojea.

"Imewaka tena," akasema. "Mwanga wake umepenya mlangoni."

Niliingia chumbani. Kweli, fanusi ilikuwa juu ya kinu, inawaka kwa utulivu, kioo chake kimekuwa cheusi upande mmoja. Nilitoka nikawaambia habari ya njiti na majivu, nikidhani nimemwokoa wifi. Katika nyumba hii, nikasema, hakuna moto uliotumika kuiwasha.

Shangazi akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa bei aliyokuwa akiitaka.

"Basi," akasema, "anayeiwasha anakuja na moto wake."

Nimefanya biashara miaka mingi baada ya siku ile, na sijapigwa tena pigo safi kama lile. Ushahidi wangu wote aliuchukua akaufunga kwenye kanga yake. Wifi alianza kulia. Mavyaa akasema labda ni jini.

"Jini anataka taa ya nini?" shangazi akauliza. "Yeye si huona gizani?" Akasema mtumbwi wake unaondoka kesho, na atawafikishia watu wake alichokiona, si zaidi, si pungufu.

Hapo ndipo nilipojitosa. Nilisema: kabla ya mtu kubeba neno, tuifungie taa, mchana huu, tukiwa macho wote. Tuna ghala la mpunga lisilo na dirisha. Taa izimwe kama tunavyoizima siku zote, iwekwe ndani, mlango ufungwe, ufunguo ashike shangazi.

"Na nani ataingia kabla?" akauliza.

"Wewe. Angalia nyuma ya magunia."

"Na wewe utoe kiberiti."

"Natoa. Na wewe fungua pindo la kanga yako."

"Mimi mgeni!"

"Ndiyo, shangazi. Mgeni mwenye pindo lililofungwa."

Mavyaa alitaka ardhi immeze. Lakini shangazi alicheka, mara ya kwanza tangu afike, akafungua pindo. Mlikuwa na tambuu na ufunguo wa sanduku lake. Yeye naye akanipekua mimi hadi kwenye nywele.

Baada ya adhuhuri niliwasha fanusi, ikapata moto vizuri, kisha nikateremsha utambi mbele yao mpaka mwanga ukapotea. Shangazi akaiweka ndani mwenyewe, akafunga, akatandika mkeka, akaegemeza mgongo mlangoni. Mimi nikakaa ubavuni pake, maana hata mgongo wa mtu hauaminiki. Wifi akatuchomea mahindi. Tulikula kila mmoja akitazama mikono ya mwenzake. Mavyaa alishika tasbihi, na nadhani aliomba iwe jini, kwa kuwa jini lingekuwa nafuu.

Muda ukapita. Kwanza ilikuja harufu ya moshi wa mafuta. Shangazi akaacha kutafuna. Tukaruka, akafungua mlango.

Fanusi ilikuwa inawaka. Si kuwaka kwa adabu. Ulimi wa moto ulikuwa mrefu, mwekundu, unatoa masizi, na nilikuwa nimesahau jinsi dari ya nyasi ilivyokuwa karibu. Mavyaa hakungoja ushauri. Alichota kata ya maji mtungini akaimwagia. Kioo kilipasuka kwa mlio kama wa mjeledi, vipande vikaruka magunini, na tone la maji moto likampata shangazi mguuni. Moto ukafa. Kioo nacho.

Nilipopata pumzi nilihesabu watu. Wote wazima. Nikahesabu tena.

"Nani aliiwasha?" wifi akauliza kwa sauti ndogo, na ile ndiyo mara ya kwanza mtu aliuliza swali hilo bila kumtazama yeye.

 Shangazi aliitoa taa hadi uani, akakausha utambi kwa pindo la kanga, akaiwasha bila kioo. Akateremsha utambi kama nilivyofanya mimi, mwanga ukapotea. Kisha akainama, akachungulia chini ya kofia ya bati inayofunika utambi. Akaniita kwa kidole.

Nikainama. Mle ndani, kwenye ncha ya utambi, palikuwa na chembe ya moto ya buluu, ndogo kama punje ya mtama, imetulia kama inayosikiliza. Tukaitazama. Bati lilivyozidi kupata joto, ile punje ikawa kama mbaazi, ikageuka rangi, ikachungulia nje ya kofia.

"Hii hamjaizima," shangazi akasema. "Mmeificha." Akavuta pumzi, akaipuliza, puu, ikafa.

"Astaghfirullah!" mavyaa akapiga kelele. "Nyumbani kwangu?"

"Mama mkwe wa watu, nyumba yako ingekuwa majivu."

"Afadhali majivu yenye adabu!"

Walibishana mpaka alasiri, kwa furaha, kwa sababu posa ilikuwa imevua viatu. Mwisho nilileta kipepeo cha jikoni, nikaweka bei ya katikati, na ndiyo iliyoshika. Mume wangu alipopata kioo kingine, taa ya nyumba ile ikawa inazimwa hivi: unashusha utambi mpaka moto uwe mdogo, wala usiufiche, unabonyeza waya, kioo kinainuka, unapiga kipepeo pigo moja kutoka ubavuni, wala hupitishi mkono juu ya kioo, kisha unachungulia chini ya kofia kutafuta lile jicho la buluu. Ukiliona, unapiga tena. Maji humwagii. Na mbali na nyasi, mpaka bati lipoe.

Jogoo alichinjwa siku ileile. Shangazi alipanda mtumbwi wake na neno jema, wifi akaolewa Kinakomba, akazaa huko, na binti wa dada yake shangazi alipata mume wake kwingine. Mambo yote yakakaa sawa.

Ila moja. Moto ukifichwa huamka wenyewe. Hilo nililiona kwa macho. Lakini asubuhi ile ya kwanza nilimwuliza shangazi mara mbili, na mara mbili alisema dirishani. Taa niliiacha nyuma ya mlango, juu ya kinu, upande usioonekana kutoka uani. Utambi unaweza kupanda. Fanusi haina miguu. Nililijua hilo siku ya ghala, nikiwa nimekaa ubavuni pake na hindi mkononi, na sikulisema, kwa kuwa posa ilikuwa mizanini na mimi siongezi jiwe upande wa mnunuzi.

Sasa mimi na wifi sote ni wajane. Wifi huja kunitembelea, tunakaa barazani, umeme ukikatika namwashia fanusi, na wakati wa kuizima yeye huchukua kipepeo kabla yangu, hupiga pigo moja, kisha hunitazama akacheka peke yake. Nyinyi mnaosoma mna wifi, na mna akili. Nishaurini: nimwulize nani aliisogeza taa ile dirishani, au niendelee kumpikia chai?