Mashine Iliyotema Mti

Juzi zipu ya mkoba wangu iligoma. Fundi viatu mmoja wa mtaa wa Kanyenye akatoa kipande cha nta ya nyuki kwenye kopo, akakipasha moto kwa kiganja, akaanza kukisugua kwenye meno ya zipu. Harufu yake tamu, yenye moshi kidogo, ilinifikia kabla zipu haijafunguka. Wengine wakinusa nta hukumbuka asali. Mimi nilikumbuka mashine ya baba.

Baba alikuwa mkereza. Kama hujawahi kuona kazi hiyo, ngoja nikueleze taratibu. Kipande cha mninga hubanwa katikati ya vichwa viwili vya chuma. Cha kushoto huzungushwa na mota. Cha kulia, tulichokiita kichwa cha nyuma, kina ncha inayousukuma mti usichomoke. Mti ukizunguka, mkereza anaugusa kwa patasi, maganda mekundu yanaruka, na taratibu unatokea mguu wa kitanda wenye shingo na kiuno, wa aina ambayo watu wa Tabora mjini wanaipenda tangu enzi za misafara. Kichwa cha nyuma huteleza juu ya reli mbili kufuata urefu wa mti, kisha hufungwa kwa bolti inayovuta bamba la chuma kutoka chini mpaka lizibane reli. Bamba likishika, kichwa hakiendi popote.

Mwaka mmoja, nikiwa bado mtoto, mvua zilikuwa nyingi na reli zikaanza kuota kutu. Bibi yangu wa Usoke, ambaye mizinga yake ilikuwa mingi kuliko mbuzi wake, alikuwa ametutumia donge la nta. Kwetu nta ni dawa ya kila kitu: uzi wa kushonea, bawaba za mlango, nyufa za kisigino. Baba akaipaka mashine nzima, juu na chini, akasugua mpaka reli zikang'aa kama sahani za sikukuu.

"Kutu ikatafute nyumba nyingine," akasema.

Kutu ilihama kweli. Lakini alipoanza kukereza miguu ya kitanda cha harusi ya jirani, kichwa cha nyuma kikarudi nyuma kidogo na mti ukayumba. Akakaza bolti. Kikarudi tena. Akachomeka bomba refu kwenye spana, akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote.

"Toroka sasa nikuone!" akakiambia.

Kikatoroka. Mti ukachomoka, ukapita juu ya jogoo aliyekuwa akichakura mlangoni, ukaipasua ndoo ya mama uani.

Mama hakupiga kelele. Aliokota mti, akaushika kama mtu anayepima uzito wa kuku, akaja nao mpaka mlangoni.

"Baba Nyamizi, huu ungempata huyu mtoto?"

"Nimekaza sana, mke wangu. Sijui kwa nini—"

"Sijauliza umekaza vipi. Mti ukiruka tena, mashine itoke hapa nyumbani. Tutalima tumbaku kama wenzetu."

Nilimwangalia baba. Hakuwa mtu wa tumbaku. Hakuwa mtu wa kitu kingine chochote duniani ila ile mashine. Nami, niliyekuwa nikishinda kwenye banda lake nikikusanya maganda, sikuwa na pengine pa kwenda.

Akakaa chini. Akapitisha kidole chini ya reli, kikateleza, akasema, "Nyamizi, nguvu ninayo. Kinachokosekana ni mshiko. Kaniletee sufuria ya mama yako, ile nyeusi."

Mama aliitoa mwenyewe. "Masizi yote ni yako," akasema. "Ila iwe imerudi kabla sijabandika ugali."

Tukafungua bolti, bamba likatoka likiwa limeganda nta. Baba akanipa kisu butu nikwangue. Yeye akalala chali chini ya reli akikwangua upande wa chini, kisha akaziosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa kikakwama badala ya kuteleza. Akaniambia nilipake bamba masizi kwa kidole. Tukalirudisha, tukakaza kidogo, tukafungua tena.

"Tazama chini ya reli. Masizi yameshika wapi?"

Yalikuwa mistari miwili myembamba, kwenye kingo za ndani tu.

"Basi lile bomba limelikunja bamba," akasema. "Linagusa kwa ncha ya kucha, halafu tunalilaumu halishiki."

Alilinyoosha kwa nyundo, akalipiga tupa, tukapaka masizi, tukaangalia. Bado. Akalipiga tupa tena. Kila nilipochoka alinipa kazi nyepesi na kusema tunakaribia, hata pale ambapo hatukuwa tunakaribia. Mwishowe weusi ulienea kwenye reli zote mbili, mpana kama utepe. Akafunga bolti kwa spana tupu, bila bomba.

"Kaa pembeni," akaniambia, akaweka mti, akawasha mota.

Hapo ndipo mama alipoingia, akasimama mbele yangu. Nilikasirika. Nilikuwa nimekwangua na kupaka masizi siku nzima, na sasa, wakati wa kuona, naona kitenge tu! Nilijaribu kuchungulia kulia, akasogea kulia. Nikaenda kushoto, naye akaenda. Nikasikia patasi ikiuma, sauti ikibadilika kutoka kukwaruza hadi kuimba, na maganda yakidondoka. Mti haukuruka. Mama akashusha pumzi ndefu, akaichukua sufuria yake, akatoka.

Kwa miaka mingi niliamini alikuja kumkagua baba. Nilikuwa na mtoto wangu mwenyewe, nikimshika mkono barabarani na kumhamishia upande usio na magari, ndipo nilipoelewa kwamba siku ile mama hakuwa na hakika kama bamba litashika. Alimwachia baba aijaribu mashine yake, kisha akachagua mahali pa kusimama.