Chura Mwenye Mkia

Mama alikuja kutoka Vihiga kukaa nami Fridley, Marekani, mwaka ambao mvua ya Septemba ilinyesha mfululizo. Nyumba niliyopanga ilikuwa na chumba cha chini, na nje ya dirisha lake kulikuwa na kishimo kilichozungushiwa bati. Asubuhi moja nilirudi kutoka shifti ya usiku nikamkuta amechuchumaa hapo, amevaa koti langu la baridi juu ya leso.

"Njoo uone mjusi wa Wazungu."

Mjusi huyo alikuwa mnene, mweusi, mwenye madoa ya manjano. Alipanda bati, akateleza, akapanda tena. Mimi nilirudi nyuma. Mama alimzoa kwa kizoleo cha taka, akamgusa kwa kidole kimoja.

"Huyu si mjusi. Hana magamba. Ngozi yake ni ya chura."

"Mama, tangu lini chura akawa na mkia?"

"Hata chura akiwa mdogo majini ana mkia. Huyu alikataa tu kuuacha."

Tulimtia kwenye ndoo yenye majani mabichi, tukampeleka kwenye hifadhi ndogo iliyokuwa karibu. Mhudumu wa pale, mama wa makamo, alifurahi sana. Akasema huyo ni salamanda, na kweli ni wa ukoo wa vyura. Aina hiyo huitwa salamanda chui-milia, akaeleza. Zamani wa mashariki na wa magharibi walihesabiwa aina moja, kisha wataalamu wakawatenganisha. Wetu alikuwa wa mashariki.

Nilimtafsiria mama. Akacheka hadi akashika mbavu.

"Muulize kama hao salamanda wenyewe wameambiwa."

Nilipouliza, mhudumu naye akacheka, akatuonyesha pa kumwachia, karibu na kidimbwi. Mama aliinamisha ndoo taratibu. "Nenda, baba," akamwambia, "baridi inakuja." Salamanda akajipenyeza chini ya gogo lililooza, mkia ukawa wa mwisho kutoweka.

Mama sasa hayupo. Picha zake za Marekani ninazo nyingi, za maduka ya Roseville na za theluji, lakini ninayoikumbuka zaidi ni safari ile ya kurudi nyumbani kwa miguu. Alinisimulia bonde la kwao, jinsi vyura walivyolia mpaka watu wakashindwa kusikilizana, kabla halijajengwa nyumba. Sikuwa nimelala tangu jana yake. Tulipofika mlangoni nilimwambia tuzunguke mtaa mara moja zaidi.