Chupa Ndani ya Suruali

Harufu ya kitambaa kipya kilichotoka kupigwa pasi imenisimamisha leo kwenye duka moja la Zhanxi, soko la jumla la nguo la Wachina, mkononi nimeshika suruali ya kubana.

Nilipokuwa mtoto, huko kwetu, kaka yangu alikuwa nayo kama hii. Mama aliibana kwa cherehani yake ili kaka afanane na wale vijana wanne wa bendi waliokuwa wakicheza kwenye filamu, wenye nywele za kufunika paji. Suruali za kubana zilikuwa zimepigwa marufuku, na mlangoni pa sinema walisimama vijana wa doria na chupa ya soda na mkasi. Chupa ilitumbukizwa kiunoni. Ikitokea chini mguuni, unapita. Ikikwama, suruali inachanwa mbele za watu.

Mama alijua. Mguu wa kulia, ambao vijana wa doria waliupima siku zote, aliushikiza kwa uzi mmoja tu. Kaka akivuta uzi, mguu unapanuka.

"Leo tupime wa kushoto," alisema mwenye chupa.

Kaka akanishika mkono. Chupa ikakwama gotini. Nikasikia mkasi.

"Kaka, turudi nyumbani."

"Tuingie. Tiketi tunazo."

Kwenye pazia la sinema wale wanne walikimbia huku wakiimba, ukumbi mzima ukicheka. Kaka alitazama mpaka mwisho, amefumbata kitambaa kilichochanika pajani.

"Mama, saizi gani?" mwenye duka ananiuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

Natoa chupa ya maji mkobani, naitumbukiza kiunoni mwa suruali. Inakwama gotini.

"Laoban," namwita bosi kwa Kichina, "nifungie robota zima."