Muhuri wa Kweli, Mtungi wa Mama

Sijawahi kumpenda mwenyekiti wa chama chetu cha maziwa, na sitaanza leo eti kwa sababu naandika.

Ofisi yangu iko Nakuru, juu ya duka la dawa za mifugo, na hapo ndipo ninapotunza programu ya chama, ambacho kiko kwetu Molo. Kwenye dirisha la kupokelea maziwa kuna mashini inayopima mtungi wa kila mkulima na kutuma jibu kwa kompyuta yangu. Kompyuta huandika kwenye skrini ya dirishani: yapokelewe, au yarudishwe. Zamani mpokeaji alinusa kifuniko, akatumbukiza kipimo, akakutazama usoni. Mashini ilipokuja akawa anatazama skrini tu.

Ili kompyuta ijue kwamba jibu limetoka kwa mashini na si kwa mhuni fulani, mashini hujitambulisha kwa cheti cha kidijitali. Kukagua cheti hicho ni kazi ya lugha ya programu niliyotumia. Siku moja watengenezaji wa lugha hiyo walitangaza kwamba ukaguzi wao una tundu. Lugha ilihakikisha muhuri wa cheti ni wa kweli, lakini haikuuliza kama aliyeupiga ana ruhusa ya kuwatambulisha wengine. Ni kama chifu akuandikie barua ya kukutambulisha, nawe uanze kuwaandikia majirani barua zao, halafu askari wa getini awafungulie wote kwa kuwa yako ilitoka kwa chifu. Dawa ilikuwa kuweka toleo jipya, na dirisha lingefungwa asubuhi moja tu.

Nilipanda Molo kumweleza mwenyekiti. Alinisikiliza akichokonoa meno.

"Madam, hii kitu inafanya kazi ama haifanyi?"

"Inafanya, lakini..."

"Basi wacha kuiguza. Nani ako na shida na maziwa ya Molo? Hapa tunajuana. Na mashini haidanganyangi, ndio maana tuliinunua."

Kama mnajuana, mashini ya nini? Niliteremka Nakuru na hasira zangu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, ila hawakusema kwamba anayekataa kuziba siye anayejenga.

Wiki chache baadaye skrini ikasema maziwa ya mama yangu yana maji.

Kwetu matusi ni mengi, lakini hakuna linalolifikia hilo. Na maziwa yaliyokataliwa hayamwagwi pale. Mwenyewe huubeba mtungi ukiwa wazi, akapita kando ya foleni nzima, kila mtu ajionee. Ndiyo desturi yetu. Mama, ambaye amesugua mtungi huo kwa maji moto tangu nikiwa mtoto, akapita hivyo. Jirani anayeketi naye kanisani akauvuta mtungi wake kando usije ukagusana na wa mama. Hakuna aliyenusa kifuniko.

Mama alinipigia simu mchana. "Kompyuta yako imeniita mwizi," akasema, akakata.

Nilipekua kumbukumbu za kompyuta huku nikilia. Jibu lile halikutoka kwa mashini. Lilitumwa kutoka kwingine, na cheti chake kilikuwa na muhuri wa mtu asiye na ruhusa yoyote. Ni nani? Sijui mpaka leo. Ninaye ninayemshuku, lakini kushuku si ushahidi.

Nilimpelekea mwenyekiti habari hizo, naye akatabasamu. "Mtoto lazima atetee mamake," akasema.

Basi nikangojea mkutano wa wanachama, unaofanyika kwenye uwanja ulio mbele ya dirisha watu wakishatoa maziwa. Niliketi kwenye benchi na laptopu mapajani, cheti cha uongo nilichokipiga muhuri mwenyewe, cha kupita kwenye tundu lile lile, kikiwa tayari. Mtungi wa mwenyekiti ulipofika dirishani, nikatuma. Skrini ikaandika: yarudishwe, yana maji.

"Hiyo ni uongo!" akapiga kelele. "Ng'ombe zangu kila mtu anazijua!"

"Mashini haidanganyangi," nikamwambia, na sikuipunguza sauti. "Beba mtungi, mzee. Pita kando ya foleni."

Hakuubeba. Mpokeaji alifungua kifuniko, akanusa, akatumbukiza kipimo, akayapokea. Kwa mwenyekiti, pua ilipatikana mara moja.

Nilisimama nikawaeleza wote nilichofanya, na kwamba mama alifanyiwa vivyo hivyo. Toleo jipya niliweka asubuhi hiyo hiyo, dirisha likiwa limefungwa, na hakuna ng'ombe aliyekufa. Mwenyekiti aliwatangazia wanachama kwamba kulikuwa na hitilafu ndogo, nayo imerekebishwa. Jina la mama hakulitaja. Nilimchukia zaidi kwa hilo kuliko kwa yote ya awali.

Mama hakurudi dirishani. Mtungi wake umeinamishwa juu ya nguzo ya ua, mkavu, na maziwa anawauzia wanaokuja nyumbani. Jumamosi moja nikiwa kwake, yule jirani wa kanisani alikuja na jagi, akasalimia kwa furaha kana kwamba hakuna lililotokea. Mama alimkaribisha, akaleta ndoo ya maziwa, akafunua kifuniko na kukisogeza mpaka karibu na uso wa jirani.

"Nusa kwanza," akamwambia.