Siku Nilipoeleza Pivot na Kibuyu Mkononi

Hii aibu nilikuwa nimeamua nife nayo, lakini kwa vile Kapseret nzima inaisimulia vibaya, wacha niandike vile ilikuwa, hata pale inaponiuma.

Kikundi chetu cha akina mama wa maziwa kilikuwa kinachagua mwenyekiti, tukishindana mimi na Mama Jelimo peke yetu, na nilikitaka hicho kiti sana (niliachia shule darasa la nane, na hakuna mtu amewahi kuniita mwenyekiti wa kitu chochote). Kabla ya kura, tukiwa kwa Mama Jelimo, tulikuwa na mgeni, kijana wa chuo huko Kesses, akatuambia biashara ya kuuzia mabroka maziwa mabichi imeisha, lazima tufanye pivot. Akina mama wakaangaliana.

"Pivot ni kitu gani, mwalimu?" Mama Jelimo akauliza bila haya.

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaona nafasi ya kuonekana nimesoma, nikasimama, tena nikiwa nimeshika kibuyu cha mursik (yale maziwa lala ya mkaa) ambacho Mama Jelimo alikuwa amemtengenezea mgeni, akaniachia nimshikie tu akipanga vikombe.

Nikaeleza. Kwa mashamba makubwa, pivot ni ile paipu ndefu ya kunyunyizia maji, inazunguka nguzo moja. Kwa mizani, ni pale mkono wake unapokalia. Kwa kompyuta, msichana wangu anasema ni jedwali la kujumlisha vitu. Kwa biashara, ni kugeuza kazi bila kuiacha.

"Sasa sisi tunachukua gani, Mama Njeri?" jirani yangu akauliza. "Tunyunyizie maziwa maji? Si mabroka wanasema hiyo tayari tunafanya."

Wakacheka, na mimi nikaona kiti kinanitoka, nikakumbuka pivot ya netiboli ya shule. "Wacha niwaonyeshe," nikasema. Mguu mmoja unabaki chini, ule mwingine unazunguka, mpira uko kifuani. Mpira wenyewe ukawa kibuyu. Mzunguko wa kwanza ulitoka vizuri (kwa haki yangu, niandike hivyo), lakini sakafu ilikuwa imepigwa deki na mimi niko na gambuti, kwa hivyo wa pili ule mguu wa kubaki nao ukaenda, nikaketi chini kwa kishindo, kifuniko kikaruka, na mursik yote ikampata mgeni kuanzia kichwani.

Mgeni akapangusa nyusi.

"Hapo umetembea na mpira, mama," akasema, kama refa wa netiboli akitoa kosa.

Kuna wenye wanasema nilimwaga kwa wivu. Siwalaumu, hata mimi ningesema. Lakini Mama Jelimo alikuja akaniuliza kama goti limeumia kabla hajaangalia kibuyu chake, halafu akamletea mgeni sweta ya mzee wake. Karatasi za kura zilipopitishwa, nikaandika jina lake.

Zilipohesabiwa, nilikuwa na kura moja. Wote wakaniangalia kwa huruma, wakijua nimejipigia, na nikianza kukataa ndiyo nitazidi kuchekwa. Kwa hivyo nimeapa nikiulizwa maana ya kitu tena, nitajibu nikiwa nimeketi, mikono mitupu. Na wewe mama uliyenipigia, sijui ni nani, ulikosea kabisa, lakini ubarikiwe.