Dizeli Iliyotoka Jikoni

Watoto wa shule walimwita dereva wao Mzee Moshi, naye hakukasirika. Kila asubuhi akiwasha basi, wingu jeusi lilifunika geti zima, mpaka mlinzi akakimbilia kibandani. "Linapiga mswaki tu," Mzee Moshi alisema, na watoto wakaangua kicheko.

Kilichomkosesha raha ni mjukuu wake. Binti huyo alikuwa na pumu, akikaa kiti cha mbele karibu na babu yake, dawa ya kuvuta mkononi. Wakikwama kwenye foleni, moshi ulirudi ndani, na kifua cha mtoto kikaanza kulia kama filimbi. Babu alifunga madirisha, akafungua, akafunga tena. Hakuwa na la kufanya.

Siku moja mwalimu wa sayansi alimwita stoo, nyuma ya jiko la shule. Humo mlikuwa na madumu ya mafuta ya alizeti ambayo wapishi walikaangia viazi mpaka yakachoka.

"Mzee wangu, haya ndiyo yataendesha basi."

"Mwalimu, basi langu si kikaango!"

Mwalimu akacheka, hakubishana. Aliyachuja mafuta, akayapasha moto, akayachanganya na kemikali, kisha wakasubiri. Mzee Moshi akachuchumaa mbele ya chupa. Taratibu mafuta yakajitenga yenyewe: uto mzito wa kahawia, yaani gliserini, ukazama, juu ikabaki dizeli inayong'aa kama asali. Akajikuta amevua kofia.

"Hiki kitu kilikuwa humu humu muda wote?" akanong'ona.

Dizeli hiyo ilipopimwa na kukubaliwa, ikamiminwa kwenye tangi. Haikupita wiki, basi likazima katikati ya kilima, limejaa watoto.

"Nilisema mimi!" Mzee Moshi akapiga usukani.

Fundi alikuja, akafungua filta, akamwaga matope meusi. "Usiyalaumu mafuta mapya, mzee. Yamesugua tangi lako. Huu ni uchafu wa miaka nenda rudi."

Filta mpya ikafungwa, injini ikanguruma. Mzee Moshi akazunguka nyuma, mkono umeshaziba pua kwa mazoea. Akaushusha. Kwenye ekzosi palitoka kijimoshi chembamba, chenye harufu ya viazi vya kukaanga, na kupitia hapo aliiona barabara yote mpaka chini bondeni.

"Moshi umekwenda wapi?" akamuuliza mwalimu, aliyekuwa ameshuka naye.

"Haujaisha, umepungua. Masizi yanayokwaruza vifua ndiyo yamepungua zaidi. Na hewa inayotoka hapa, sehemu kubwa alizeti iliivuta angani ilipokuwa shambani. Ya msimu ujao itaivuta tena."

Mzee Moshi akatazama ekzosi, akatazama angani, akarudi kwenye ekzosi. Kwa miaka yote alidhani gari huchukua tu, halirudishi kitu. Nywele zilimsisimka.

"Kwa hiyo basi hili linakula shamba, na shamba linakula basi?"

"Hasa, mzee."

Pumu ya mjukuu haikupona, lakini safari zikawa nyepesi kwake. Muhula ulipokaribia kwisha, akaomba kuhamia viti vya nyuma, kwa rafiki zake. Babu alimtazama kwenye kioo: alikuwa akiimba kwa sauti kubwa kuliko wote, kichwa kimeinuliwa, pumzi haikatiki. Mzee akasahau kila kitu, akapitiliza kituo, wazazi wakabaki wakipunga mikono kando ya barabara.