Kompyuta Iliyochaguliwa kwa Sikio

Siku tuliyokwenda Kariakoo kununua kompyuta, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na mke wangu asinisikie.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara imefunguliwa, kompyuta zilizotumika zinaingia kutoka Dubai. Chumba changu cha uani pale Temeke nilikuwa nimekigeuza studio: magodoro ukutani, blanketi mlangoni, maikrofoni ya kuazima. Shangazi yangu Mwanahawa, mwimbaji wa harusi zote za mtaani kwetu, alikuwa na uvimbe kooni. Daktari alimwambia wazi kwamba akipasuliwa, huenda sauti isirudi. Upasuaji ulikuwa wiki inayofuata, nasi tulitaka kuirekodi sauti yake kabla.

Dukani nilipenda mashine kubwa kuliko zote. Muuzaji aliisifia kasi yake, na ujana nao una mambo, nikajiona tayari wenye studio za Kinondoni wananipa shikamoo. Feni zake zilivuma kama kinu cha kusaga unga. Pembeni palikuwa na nyingine, kuukuu, rangi imefifia. Muuzaji alisema kwamba kwa kurekodi sauti ya mtu mmoja hiyo inatosha, basi.

Shangazi, niliyekwenda naye, hakujua kompyuta ni kitu gani. Lakini wanawake wetu wa pwani nazi huichagua kwa kuitikisa sikioni. Akamwomba muuzaji azime redio na pangaboi la darini. Akainama, akaweka sikio kwenye ile kubwa, kisha kwenye ile kuukuu, akatulia hapo hata wateja wakaanza kututazama. Niliona aibu, nisikufiche.

"Baba," akaniambia, "hii kubwa inaongea. Mie nikiimba, itanyamaza?"

Nikamjibu kwamba ina kasi zaidi.

"Kasi ya kwenda wapi? Mwenye kuimba ni mie. We nitafutie msikilizaji."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tukarudi Temeke na ile kuukuu.

Aliimba Ijumaa baada ya swala, majirani wakaacha kutwanga kwa ajili yake. Alipomaliza nikarudisha mwanzo tusikilize. Mwanangu, kabla ya neno la kwanza nilisikia pumzi yake ikiingia, ikitetemeka. Mahali pale, kwenye kanda tulizozoea, hujaa mvumo mtupu. Nilikuwa nimemsikia akiimba tangu nikibebwa mgongoni, ila pumzi ile sikuwahi kuisikia.

Alipona, alhamdulillahi, lakini sauti haikurudi. Akabaki na mnong'ono. Siku aliyoweza kutembea alikuja studio, nikamwekea rekodi ile. Akasikiliza, mkono shingoni penye kovu, akaomba nirudie mwanzo, nami nikarudia.

"Kumbe kila nikianza nilikuwa naogopa," akanong'ona. "Miaka yote hiyo. Na bado nikaimba."

Alitabasamu, mimi nikalia.

Basi ukitafuta chombo cha kazi yako, mwanangu, usidanganywe na ukubwa wala sifa za muuzaji. Zima vinavyovuma pembeni, uinamishe sikio, ujue kama kitampisha mwenye kuimba. Na ukikaa na watu wako fanya vivyo hivyo, kwa maana jambo zito la mtu huanza kabla hajafungua kinywa. Mungu akujaalie utulivu wa kulisikia, na akuwahishe kwao sauti zao zikingali hai. Amin.